Kaburi la Doto na Kurasa Zangu Kumi na Moja

Siku ya kwanza kazini nilifika ofisi ya haki na amani ya parokia, Kahama, saa nzima kabla haijafunguliwa, nimebeba nyaraka za mapapa nilizozijaza mistari ya kalamu. Sikupita seminari, theolojia nilijifundisha mwenyewe, na niliogopa kugundulika. Padri Mkurugenzi alizitazama akacheka. "Mwalimu, wanaokuja hapa wametembea. Anza na benchi, wakae."

Kwa miaka saba nilishughulikia malalamiko ya wanaohamishwa kupisha migodi. Utaratibu ulikuwa huu: mthamini hupita akiorodhesha nyumba, miti na makaburi, asiyeridhika huandika pingamizi kabla orodha haijafungwa.

Mama Kulwa alikuja Jumatatu moja. "Kaburi la Doto wangu wameliruka. Halina saruji, ni mawe tu. Orodha inafungwa Ijumaa, baba."

"Niachie mimi, mama."

Nakiri: nilitaka andiko lisilo na dosari. Nilieleza utu wa binadamu, kisha kanuni ya auni, yaani mkubwa amsaidie mdogo bila kumnyang'anya analoliweza mwenyewe. Nikafuta, nikaandika upya. Alhamisi Padri aliuliza, "Bado?"

"Aya ya mwisho, Padri."

"Unamtetea mama au unafanya mtihani?"

Ijumaa mchana nilipanda bodaboda mbio hadi ofisi ya kijiji. Mama Kulwa alikuwa anatoka na majirani zake, kidole gumba kina wino.

"Shikamoo, mama. Nimeleta pingamizi."

"Marahaba. Kaburi limeshaandikwa. Tangu asubuhi nilikaa juu ya yale mawe, nikawaambia, basi nihesabuni na mimi. Mthamini akaja mwenyewe na daftari lake." Akaitazama bahasha yangu. "Yote hayo ya Doto? Mtoto mwenyewe alikuwa mdogo hivi!"

Majirani wakacheka. Nami nikacheka.

Mwezi uliopita niliacha kazi, mvi hata moja sina. Vijana waliopokea kazi yangu wananiuliza nilifanyaje. Lakini nikipita stendi bado natafuta nyuso za wengine, wale ambao hawakwenda kukaa juu ya mawe. Walisubiri niwaandikie vizuri, orodha ikafungwa.

Siku ya kukabidhi ofisi niliikuta ile bahasha kwenye droo. Nikazisoma kurasa zote kumi na moja, nimesimama. Auni nimeieleza kwa kurasa tatu. Jina la Doto halimo.