Kibuyu cha Togwa cha Mama Feli

Mambo zenu. Ni mimi Happy, yule anayewasomea kitabu cha mizinga kwenye grupu. Mmeniuliza sana kwa nini nimekaa wiki mbili kimya, na kwa nini Mama Feli hasikiki tena. Ameniambia niwaandikie, na niandike yote, nisimpambe. Naanza mwanzo, maana wengine mmeingia juzi tu.

Mama Feli ndiye mama mwenye nyumba wetu hapa Malangali, Sumbawanga. Jina la ubatizo ni Cornelia. Ana kama miaka sitini na mbili, mfupi, ana sweta la bluu la kiume ambalo halivui kuanzia Mei mpaka Agosti. Anakaa peke yake vyumba vya nyuma, sisi tuko mbele. Mama yangu alihamishiwa kazi huku kutoka Mbeya nikiwa darasa la sita, na siku ile ile tunashusha vitanda Mama Feli akatuletea ugali wa ulezi na maharage. Akakaa kabisa kutuangalia tunavyokula.

"Mnakula kama wageni," akasema.

"Si ndiyo wageni wenyewe," mama akamjibu.

"Basi kuleni kama wageni wenye njaa."

Yaani ndivyo alivyo. Analima mahindi na ulezi, Jumapili hakosi misa ya kwanza, na kusoma hajui kabisa. Huyo Feli hatukuwahi kumwona. Mimi nilijiambia yuko Dar huko anatafuta maisha. Ukianza kumuuliza mtu mzima habari za mtoto ambaye haji nyumbani unaonekana huna adabu, kwa hiyo sikuuliza.

Sasa kitabu. Mama alikinunua Mbeya, nakala moja, na kila mtu alikuwa anakitaka. Ndiyo nikafungua grupu, nikawa nasoma kwa voisi, sura moja kwa siku. Kwa ambao hamkijui, ni cha binti anaitwa Wande, anakulia porini na babu yake asiyesikia, wanafuga nyuki, na kila mwaka kuna mtu asiyejulikana anakuja kuchoma mzinga mmoja. Mmoja tu, halafu anapotea. Wande anakua anamtafuta huyo mtu. Wiki ya kwanza tulikuwa thelathini, ya pili tukapita mia mbili, mpaka Matai, mpaka Mtowisa kule bondeni. Alphonce, bodaboda wa Matai, alishahukumu mapema: "Anayechoma ni babu. Hasikii, lakini kiberiti anakiona." Nilicheka nikashindwa kusoma.

Nilikuwa nasomea uani kwa Mama Feli kwa sababu ukuta wake unazuia upepo, na huu upepo wa Sumbawanga mwezi wa saba ukiingia kwenye simu husikii kitu. Yeye anapukuchua mahindi, mimi nasoma. Kama mlikuwa mnasikia kitu kama mvua nyuma ya sauti yangu, ni punje zinaanguka kwenye ungo wake.

Sura ya kumi ndiyo mama yake Wande anatoka alfajiri. Anasema anafuata chumvi, harudi. Siku ile grupu liliwaka, mnakumbuka. Huyu anasema yule mama ni nyoka, huyu anasema achapwe, mmoja akasema hata kuku anajua vifaranga vyake. Mimi nikaongeza sauti, nikamfungulia Mama Feli moja baada ya nyingine, nacheka kwa raha zangu.

Punje zikanyamaza.

"Huyo wa kuku," akasema, "ana watoto?"

"Sijui mama. Sauti yake kama dogo tu."

"Nirekodi."

Nikafurahi jamani. Tangu tuanze hakuwahi kuomba kurekodiwa. Nikamshikia simu karibu na mdomo, na alichosema wengi mlikisikia:

"Mimi Mama Feli, wa Malangali. Mnamtukana huyo mama, hamjui alikofika alikuta nini. Mimi nilikuwa nimeolewa Mtowisa. Nilitoka asubuhi, nikamwachia binti yangu kibuyu cha togwa, nikamwambia kabla hakijaisha nitakuwa nimerudi. Sikuwa namdanganya. Mtu anaweza asidanganye na bado asirudi. Basi."

Nikatuma. Hapo hapo, kabla sijamuuliza hata neno moja. Nilikuwa naangalia mioyo na machozi yanavyoingia, wengine wanasema huyu bibi ndiye angeandika kitabu. Nikaiweka na kwenye stetasi. Baadaye ndiyo akili ikanijia.

"Mama, kumbe una mtoto wa kike?"

"Ninaye," akasema, akachukua gunzi lingine.

Siku ya nne ikaingia voisi kwenye namba yangu, si kwenye grupu. Namba haina picha. Nikajua ni mtu anataka kuungwa, nikaifungua pale pale uani, sauti juu.

"Shikamoo. Naitwa Silvana, niko Mtowisa. Nimetumiwa hiyo sauti na jirani. Nimeisikiliza siku nne. Sauti sikuijua, nimejua kibuyu. Ile togwa mimi sikuinywa. Nilikuwa nalamba tu, maana ulisema kabla haijaisha. Nikaona isipoisha, basi wewe hujachelewa. Ikachacha, ikaota ukungu, shangazi akaimwaga nikiwa kisimani. Nilimpiga mawe."

Hapo katikati kuna kuku, na mtoto anaita bibi, bibi. Halafu akaendelea.

"Kumbe wanakuita Mama Feli. Wa kwanza ni mimi, lakini sawa. Msalimie Felisian. Mwambie dada yake anamkumbuka, nilikuwa nambeba. Asante."

Mimi nilikuwa nimekaa na simu mkononi kama nimeshika kaa la moto. Huku kwetu mama anaitwa kwa mtoto wake wa kwanza, hilo kila mtu analijua. Mama Feli hakulia. Aliweka ungo chini taratibu, akafuta mikono kwenye sweta, akaniambia nirudie. Nikarudia. Akasema, "Tena." Nikarudia mara sita.

Ndiyo akanisimulia. Felisian alikuwa na miezi minane, homa haishuki, dawa za kule bondeni zimeshindwa. Mume yuko mbali, anachunga ng'ombe. Dada yake Mama Feli alikuwa huku juu, na huku juu kulikuwa na hospitali. Gari hakuna, ni kupanda mlima wa Lyamba lya Mfipa kwa miguu, siku mbili. Silvana ana miaka sita, hawezi kupanda, na mama ana mgongo mmoja. Akamwacha kwa shangazi na kile kibuyu.

Alipofika kwa dada yake watu wakauliza mtoto anaitwa nani. Feli. Ndiyo wakaanza kumwita Mama Feli. Siku ya tisa mtoto akafa. Jina likabaki.

"Ulishindwa kurudi?" nikamuuliza. Najua, swali la kijinga.

"Nilirudi. Nilifika pale juu ukingoni, ambapo unaliona bonde lote na ziwa. Nikakaa. Nikawaza, namwambia nini yule mwanaume? Nimeondoka na mtoto wake wa kiume, narudi na kanga tupu. Nikageuka. Mwaka uliofuata nikaenda tena, pale pale. Nikakutana na watu wanapanda, wakaniambia ameoa, na binti anamwita yule mke mama. Nikasema nitamvuruga. Nikageuka."

Akauvuta ungo wake karibu.

"Mara ya tatu sikwenda. Hiyo ndiyo dhambi yangu. Zile mbili namweleza Mungu. Hiyo ya tatu sina la kusema."

Nilimwambia mama yangu jioni, akanifokea kwanza, halafu akaenda nyuma akakaa naye mpaka wakala chakula kimoja. Kesho yake asubuhi Mama Feli akaniita kurekodi jibu. Mara ya kwanza alisema "Silvana mwanangu," akakwama, nikafuta. Ya pili akaanza kuomba msamaha, akaniambia futa, hayo ni maneno ya padri. Ya tatu akaniambia hata akikwama nisifute. Sikufuta. Ameniruhusu kuandika alivyosema.

"Silvana. Salamu zako haziwezi kufika. Feli alikufa siku ya tisa. Yuko makaburi ya huku, msalaba umeoza, nimeweka jiwe. Watu wakikuambia mama hakuchagua, usiwasikilize. Nilichagua. Nilimchukua anayekufa nikamwacha mzima, nikawakosa wote wawili. Togwa nilikuwa nimeipika ya siku tano."

Nikatuma. Tiki mbili. Baada ya saa nzima zikawa bluu. Tukasubiri. Ikaja "anarekodi", ikapotea. Ikaja tena, ikapotea. Mama Feli akawa ananiuliza anafanya nini, namwambia anarekodi, mama, anarekodi. Halafu hakuna. Siku ya pili ile namba ikatoka kwenye grupu. Kumbe baada ya kutumiwa ile sauti alijiunga kimya kimya, anatusikiliza tunavyosoma.

Nikamwambia Mama Feli twende Mtowisa, nitampeleka mwenyewe, gari zipo siku hizi.

"Njia alikuwa nayo ya kunitukana, hakuitumia," akasema. "Akitaka niende, ataniambia njoo. Mimi sina haki ya kumtokea mlangoni."

Juzi nikajifanya mjanja. Nikapita nyuma nikaita, "Hodi, Mama Silvana." Hakuitika. Nikaita tena. Akatoka amebeba ndoo, akaangalia getini kama kuna mgeni anaulizwa. Alipoelewa ni yeye, akaweka ndoo chini.

"Usiniite hivyo," akasema. "Hilo jina analo yeye. Mpaka atoe."

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Msimtafute Silvana, na msiisambaze tena ile voisi. Mliokwishaituma kwa watu, kama mimi, ifuteni mnapoweza. Mimi kitabu nimekimaliza peke yangu. Nilitaka kumsomea Mama Feli mwisho, akakataa. Aliniuliza kitu kimoja tu, kama yule mama wa Wande anarudi. Nikamwambia hatajwi tena, hata kwenye ukurasa wa mwisho. Akaitika kwa kichwa.

Mahindi ameshamaliza, sasa anapeta ulezi. Kila asubuhi nikitoka kupiga mswaki ananiuliza kabla hata sijamwamkia.

"Alisikia?"

"Alisikia, mama. Tiki za bluu."

"Yote?"

Simu haionyeshi hilo. Namwambia yote.