Sifuti

Nianze na zile tuzo, maana ndizo zilizoniponza. Kila Desemba watengenezaji wa michezo ya video hukusanyika kwenye ukumbi mkubwa huko California, wakavaa makoti ya heshima na raba nyeupe, wakapeana sanamu. Mimi hutazama nikiwa kwenye kochi langu huku ugenini, Champlin, nguo za kazi zikiwa mapajani zinangoja kukunjwa. Ni sherehe mbovu, acha niseme. Matangazo ni mengi kuliko tuzo. Mtu amechora milima na mito kwa miaka mingi, halafu akipanda jukwaani kumshukuru mamake anapigiwa muziki wa kumfukuza, kama mjomba aliyeng'ang'ania maikrofoni harusini. Kisha linakuja tangazo la mchezo wa bunduki, refu kama mahubiri. Kila mwaka nalalamika na kila mwaka nipo.

Mwaka ninaousimulia ni ule ambao Kenya tulipiga kura mara mbili, na mchezo wangu ukashinda tuzo kubwa kuliko zote. Nasema wangu kwa sababu nilikuwa nimeishi ndani yake tangu majani yaanze kuanguka.

Nilikulia karibu na Mlima Elgon, ambako kwenda kwa shangazi kulikuwa ni kupanda na kushuka, na hakuna aliyekusimamisha ila kwa salamu. Huku nilijaribu. Siku moja nilitoka kazini Eden Prairie, nyumbani kwa mzee ninayemhudumia, nikasema nitembee kidogo kando ya barabara. Magari mawili yalisimama kuniuliza kama langu limeharibika. La tatu lilikuwa la polisi. Wote walikuwa na adabu, lakini hamu iliniisha. Baridi ikaja. Ile mashine ya michezo tuliyowanunulia watoto, watoto walikuwa wameshaiacha wakahamia kwenye simu, basi nikaiwasha mimi. Ndani yake kulikuwa na mlima, na farasi, na nyasi zinazolala upepo ukipita. Nikapanda mlima ule hadi kileleni bila kuulizwa na mtu. Nililia, na sioni aibu kusema hivyo.

Kwa hiyo Alhamisi ile mchezo huo ulipotajwa jukwaani niliruka, nguo zikatawanyika sakafuni. Nikachukua simu nikaandika kwenye ukurasa wangu: "Mchezo wangu umeshinda! Leo mniache nicheke." Nikaweka na picha ya farasi.

Vijana wawili watatu nisiowajua wakanijibu kwamba wanawake wa rika langu si wachezaji wa kweli, eti tunazunguka na farasi badala ya kupigana. Hao sikuwajali. Kesho yake asubuhi akanipigia mwenyekiti wa akina mama wa kanisa letu, muuguzi, mtu ninayemheshimu hadi leo.

"Sista, Bwana asifiwe. Hiyo kitu ume-post jana, please u-delete."

"Iko na shida gani?"

"Watu wamepigwa risasi huko nyumbani, akina mama wanazika watoto, na wewe una-celebrate game? Watu watasema nini juu ya fellowship yetu?"

"Watasema kuna mama alicheka Alhamisi."

Hakuliona kuwa mzaha. Kabla sijamaliza chai, picha ya posti yangu ilikuwa kwenye kundi letu la simu, na chini yake mwenyekiti ameandika: mwacha mila ni mtumwa. Akaweka na mikono ya maombi.

Mila gani, jamani? Habari za kura nilizifuata kuliko wengi wao. Kila jioni nilikuwa nikimpigia ndugu yangu Kisumu nijue kama amefika nyumbani salama, na asipopokea nilikuwa natembea jikoni kama mwendawazimu. Lakini hilo sikulitangaza. Kundi letu nalo kila kukicha lilileta mstari wa Biblia, kisha maiti ambayo haijafunikwa hata uso, kisha wigi zinazouzwa, kisha maiti nyingine na maneno "tuma kwa wengine." Mtu anatuma maiti akiwa kwenye foleni ya kahawa, akifika dirishani anaagiza yenye maziwa mengi. Hakuna aliyemwambia afute. Kicheko changu ndicho kilichovunja adabu! Nilikataa, na bado nakataa, kwamba mwenye huzuni ni yule anayeionyesha kwenye simu. Na nilikataa zaidi kwamba mtu mzima lazima aombe ruhusa ya kufurahi, kana kwamba furaha ni likizo ya kazini.

Mwenyekiti akapiga tena. Jumamosi ya wiki iliyofuata ilikuwa zamu yangu kukaribisha ushirika wa akina mama. Akasema ikifika Ijumaa kama sijafuta, ushirika utahamishwa.

Mamangu alipofariki na mimi siwezi kusafiri, wanawake hawa ndio walionishika. Walikuja sebuleni mwangu jioni baada ya jioni, wakapika, wakaosha vyombo, mmoja akanisuka nywele nikiwa nimeinamisha kichwa magotini pake. Huku sina dada wala shangazi mwingine. Kuwapoteza hao ilikuwa ni kubaki mkiwa, na mwenyekiti alilijua hilo aliponitishia.

Mume wangu, ambaye huendesha lori na hapendi vita vya nyumbani, akanishauri akiwa anavaa koti. "Mama, si u-delete tu yaishe? Heri nusu shari."

"Nikifuta kicheko leo, kesho watasema nifute nini?"

"Hiyo ni post tu."

"Kama ni post tu, wao waiache."

Akatikisa kichwa akaenda zake. Wiki nzima kidole changu kilipita juu ya ile posti. Usiniulize mara ngapi. Kazini, mzee wangu akiwa amelala mbele ya runinga ya habari, niliifungua nikaisoma tena nikitafuta mahali ilipomtukana mtu. Sikupaona. Ijumaa ikaja ikapita. Usiku mwenyekiti akaandika kwamba ushirika utakuwa kwake, Brooklyn Park, saa tisa.

Jumamosi nikaamka nikakanda unga. Kwetu mwenye zamu ndiye mpishi na wengine aghalabu huja mikono mitupu, na zamu ilikuwa yangu, haikuwa ya simu. Nilisukuma chapati kwa hasira hadi mkono ukauma. Zilitoka laini, sijui kwa nini. Nikapanga viti, nikachemsha chai, nikakaa katikati ya viti vitupu nikajiona mjinga. Ndipo nikawasha mchezo.

Saa tisa kengele ikalia. Alikuwa mama mmoja Mkongomani wa ushirika wetu, anayeishi mbali, mtaa wa Phillips, amekuja akiendesha mwenyewe kwenye theluji, sufuria ya sombe, mboga yao ya majani ya muhogo, imefungwa kwa kitambaa.

"Wenzetu wako wapi?"

"Wamehamia kwa mwenyekiti. Hukuona kwenye grupu?"

"Mie nilitokaka mule zamani." Akaniwekea sufuria mikononi, akaanza kuvua buti. "Wafu niliwaonaka kwetu na macho yangu. Siwezi tena kuwaangalia mu telefone."

Nikamweleza kisa chote kuanzia sanamu za California. Alisikiliza huku ameikazia macho runinga. Nilipomaliza hakusema nimekosa wala nimefanya vema. Aliuliza kama farasi yule anaweza kuogelea. Nikampa kidhibiti, nikamwonyesha vitufe, na papo hapo akamtumbukiza farasi wangu mtoni pamoja na mpanda wake. Alicheka akashika mbavu. Nikacheka naye, kicheko cha kwanza tangu Alhamisi ile.

Simu ikalia. Mwenyekiti. Nyuma yake nilisikia watu wengi na mtoto analia.

"Sista, tuko full huku na hakuna chakula. Sikufikiria hiyo part. Hebu tuletee chapati, hiyo mambo ya post tutaongea."

"Chapati ziko. Nyumba mnaijua."

"Ume-delete?"

"Sija-delete."

Akakata. Haikupita hata dakika tano, simu ikaniambia nimetolewa kwenye kundi. Iliniuma, nisidanganye. Iliniuma kifuani, mahali pale pale palipouma nilipopigiwa simu ya msiba wa mamangu. Nilitazama chapati zimefunikwa kwa kitambaa safi, nikafikiria kuzibeba zote nizipeleke, nipige magoti kama ni lazima. Mkongomani wangu aliniona, akanisogezea kidhibiti. Sikukipokea. Nilitaka kuumia kwanza.

Kiza kilikuwa kimeanza kuingia, maana Desemba jua huondoka mapema, kengele ilipolia tena. Mlangoni walisimama wawili wa ushirika wetu. Mmoja ndiye aliyenisuka nywele wakati wa msiba. Mwenzake alikumbatia chombo kikubwa cha plastiki, kitupu, na gari lao halikuzimwa.

"Tumetumwa chapati, sista," akasema wa chombo, macho ameyaelekeza kwenye zulia la mlangoni. "Hatukai."

"Chapati za nyumba hii zinaliwa humu," nikasema. "Na farasi yuko kwenye runinga, na posti iko pale pale. Vueni viatu."

Ndani Mkongomani akapiga kelele ya furaha. Farasi ameanguka tena. Wakatazamana. Kisha yule aliyenisuka nywele akarudi kwenye gari, akazima injini, akaja akaketi kwenye ngazi yangu, akaanza kufungua kamba za buti.