Injini Iliyotetemeka Uani

Kwa nini Tonton Ilunga, mwenye mikono mizito kuliko ya Papa, hakurudisha hata ngumi moja? Watu wazima walisema ni heshima. Sikuamini.

Juzi, katika gereji moja ya Anderlecht, nilimwona fundi akichomoa nyaya za plagi moja baada ya nyingine, akisikiliza, na mchana ule wa utotoni ukanirudia na harufu yake ya petroli. Papa alitaka kunipeleka Lille, ng’ambo ya mpaka, nikaishi kwa dada yake, mbali na Mama. Lakini gari lilitetemeka vibaya hata likiwa limesimama. Tonton, kaka yake Mama, aliinamia injini, akachomoa waya, akarudisha, akaingiza mkono nyuma, akatulia, kisha akamgeukia Papa, akamwita kwa jina langu.

“Papa Mado, moteur imekufa. Donc leo haitoke.”

“Muongo! Jana ilitembea bien!”

Spana mkononi mwa Papa ilimpata Tonton shavuni, jino likaanguka kwenye saruji. Papa akapiga tena, na tena, mpaka akachoka, akaondoka kwa miguu bila mimi. Nilimdharau Tonton kwa woga wake.

Nilikuwa chuo kikuu Mama aliponiambia kwamba asubuhi ile ni yeye aliyeuchomoa mrija wa mpira wa hewa nyuma ya injini ili gari lisiende, na kwamba Tonton aliukuta unaning’inia, akauacha.