Nilijilaza Garini Mama Mkwe Asinione

Nimekosa, na sitamsingizia shetani. Shetani hana gari la ofisi.

Mimi ndiye niliyeandaa mkutano wa mazingira pale Mikumi. Niliwahubiria wageni mpaka sauti ikakauka: kila mtu aache gari lake, apande treni hadi Kilosa, kisha wote tuje kwa basi moja. Tupunguze moshi, jamani. Hata mama mkwe, mkulima wa Zombo niliyemwalika azungumzie kilimo chake, nilimwambia asubiri barabarani, basi lingempitia, nami ningekuwemo. Mama huyu ndiye aliyewashawishi ndugu zake wanipe binti, akisema mimi ni mkweli.

Lakini bosi mzima nibanane kwenye basi? Moyo ulikataa. Nikatangulia na gari la ofisi, mimi na dereva tu, kiyoyozi kikinipepea. Wageni wakifika ningejichanganya nao, nijifanye tumeshuka pamoja.

Tulipokaribia Zombo, dereva akasema, "Bosi, yule si mama mkwe? Anatupungia."

Ningemchukua, angewasimulia wote mkutanini jinsi mkwe wake alivyomleta na gari. "Kanyaga mafuta," nikasema, nikajilaza kiti cha nyuma kama gunia la mpunga.

Kumbe aliniona. Basi lilipompitia akapanda analia: mkwe wangu mgonjwa, kalala garini, hata kichwa hainui! Basi zima likaenda hospitali kunitafuta. Wageni wakazunguka wodi hadi wodi, wengine wakiniombea dua.

Wakaja kunikuta hotelini, mbele ya bakuli la supu ya mbuzi, chapati mkononi.

Nikasimama. "Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umepona?"

Nikaificha chapati mgongoni. Akaitazama supu, akalitazama gari lililoegeshwa kivulini, akaelewa. Nyuma yake mgeni mmoja akasema, "Mgonjwa wetu anakula vizuri." Walicheka mpaka wakashika mbavu. Aibu ile simtakii hata adui yangu.

Siku ya kuondoka nilimsihi apande gari nimrudishe kwake. "Hapana, mheshimiwa. Nitaenda na wenzangu."

Miaka yote aliniita baba. Sasa ni mheshimiwa, hata kwenye simu, na mke wangu akisikia hivyo machozi yanamtoka. Inaniuma sana.

Ndugu yangu unayeandaa mikutano, ukiwaambia watu wapande basi, panda nao. Na kiburi kikikushinda, walau simamisha gari umsalimie mama mkwe.