Tabu, Yusra na pakiti zilizochelewa Chamwino

Asubuhi, kabla upepo haujachangamka, Tabu Halfani yuko juu ya paa la duka la vifaa vya ujenzi mjini Chamwino. Ushungi ameufunga nyuma ya shingo, spana iko mkononi, na anaikaza antena kwenye mlingoti kana kwamba ana ugomvi nayo.

Chini, ngazi imeshikwa na Yusra Anuari. Kitambulisho cha ofisi kinaning'inia shingoni mwake, na kila Tabu akitazama chini, hicho ndicho anachokiona kwanza.

“Anakivaa hata sokoni,” anasema Tabu, kwa sauti ambayo Yusra anaisikia vizuri. Yusra anatabasamu tu, na tabasamu hilo nalo linamkera mwenzake.

Tabu, mzaliwa wa Kondoa, ni fundi wa mitandao. Anaishi Chang'ombe, jijini Dodoma, ukuta mmoja na kwa akina Yusra. Kazi yake ni kuvuta nyaya na kupandisha antena za maduka. Yeye ndiye aliyemfundisha Yusra kubana vichwa vya nyaya, wakati binti huyo hajui hata rangi zinapangwaje.

Mwaka jana wote wawili walifanya mtihani wa cheti cha usalama wa mitandao, siku moja, chumba kimoja. Yusra alifaulu, akapata kazi ya ofisini. Tabu alianguka.

“Niliona wivu, sikufichi,” anasema. “Wivu mpaka chakula kikawa hakipiti.”

Nyumbani kwa Yusra kukapikwa pilau ya shukrani. Mtaani hapo shughuli kama hiyo haianzi mpaka majirani wanawake wakae mkekani kuchambua mchele, na asiyefika anajulikana. Tabu alituma salamu kwamba ana homa. Alijifungia ndani, harufu ya pilau ikamfuata huko huko. Jioni Yusra akamletea sahani iliyofunikwa. Tabu anakiri kwamba aliila yote, tena kwa hasira.

Kilichomwangusha kwenye mtihani ni maswali ya kuchelewa kwa pakiti. Chochote kinachopita mtandaoni hukatwa vipande vidogo, ndizo pakiti, na muda wa pakiti hizo kwenda na kurudi ukirefuka, mtandao unakuwa mzito.

“Mimi kila swali la kuchelewa nilijibu kuna mwizi wa taarifa katikati,” anasema. “Kumbe ni kama kwenda mashine ya kusaga. Unaweza kuchelewa kwa sababu mashine iko mbali, au foleni ndefu, au umemwaga mahindi njiani ikabidi urudi kuchukua mengine. Mwizi anaweza kuwepo, lakini huanzi naye.”

Somo hilo limemwingia kwa aibu, juu ya paa hili hili.

Upepo wa Dodoma ulipopamba moto mwezi wa nane, tawi hili la Chamwino lilianza kulalamika. Mauzo yakiingizwa mchana, kompyuta inasubiri na kusubiri kabla kompyuta ya duka mama, lile la Chang'ombe, haijajibu. Kifaa cha ulinzi wa mtandao alikuwa amekifunga Yusra, kazi ya nje ya ofisi yake. Antena alikuwa ameifunga Tabu.

Mwenye maduka, Mzee Bashiri, alimuuliza Tabu kulikoni. Tabu hakupanda paa wala hakupima chochote. Alimwambia kuna mtu ameingia kwenye mtandao wao, na amepitia kwenye kifaa cha Yusra.

“Nilitaka mwizi awepo,” anasema. “Na nilitaka awe amepitia kwa Yusra.”

Mzee Bashiri akaamua kumwondoa Yusra kwenye kazi zake. Yusra hakuja juu. Alimfuata Tabu nyumbani, akamwomba jambo moja.

“Dada Tabu, twende tukapime wote, kituo kwa kituo. Ikionekana tatizo liko kwangu, nitaondoka mwenyewe.”

Walipima jana mchana. Kutoka kaunta hadi kwenye kifaa cha Yusra, pakiti zilikwenda na kurudi bila shida. Kutoka hapo kupita kwenye antena, nyingi zilipotea na kutumwa upya, na kila upepo ulipovuma muda ulirefuka. Tabu akapanda kutazama. Bolti alizozifunga kwa mikono yake zilikuwa zimelegea, na antena inageukageuka inavyotaka.

Mzee Bashiri alipopiga simu kuuliza, Yusra alijibu kwa mkato: “Upepo, mzee.”

Mtu angedhani Tabu alishukuru kwa kusitiriwa. Alizidi kuumia.

“Hata ustaarabu amenizidi,” anasema, na safari hii hatanii.

Anamaliza kukaza, anashuka. Mzee Bashiri ndiyo kwanza anafungua duka. Huyu ndiye mteja mkubwa wa Tabu, na ada ya kurudia mtihani aliitegemea kutoka kwake. Yusra anamkonyeza anyamaze. Tabu anamtazama, anakitazama kile kitambulisho, kisha anamwendea mzee.

“Shikamoo, mzee. Mwizi niliyekwambia hakuwepo. Antena niliifunga vibaya mimi. Yusra nilimsingizia, kwa wivu.”

Mzee Bashiri anaitikia marahaba. Anamwambia kazi za duka la Chang'ombe azisimamishe kwanza, mpaka antena hii ivuke msimu wa upepo. Yusra anabaki na kazi zake.

Tabu haombi kupunguziwa. Anasema mtihani ataurudia, ada ataitafuta kwingine. Yusra amejitolea kumfundisha jioni, naye amekubali kwa shingo upande, kwa sharti kwamba wasianze na kurudia maswali aliyokosa.

“Nataka nimpite, hata kwa alama moja,” anasema huku akiinyanyua ngazi. “Nikifaulu napika pilau kubwa kuliko ile yao. Na huyu ndiye wa kwanza kukaa mkekani. Mchele nitanunua ule wenye mawe mengi.”

Yusra, aliyeinyanyua ngazi upande wa pili, anasema atakuja mapema, na kitambulisho chake shingoni.