Mdogo Wangu na Hesabu za Pumzi

Watu wakimsifu mdogo wangu mbele yangu natabasamu, lakini moyoni naungua. Ndiyo, wivu, sifichi. Tunafundisha chuo kimoja cha uuguzi, somo moja, la jinsi mwili unavyofanya kazi. Mimi nilitangulia, yeye nilimshika mkono nikamleta. Sasa wanafunzi wanapita mlangoni kwangu kama hawanioni, wanakwenda kwake kufundishwa hesabu za pumzi.

Na ana nini cha ajabu? Sketi imejaa vumbi la chaki, anachekacheka ovyo, na ana kipande cha mpira wa kumwagilia maua. Mwanafunzi anaambiwa apumulie humo, kisha anaulizwa, "Hewa iliyobaki kwenye mpira imekufaa nini?" Eti hayo ndiyo mafundisho!

Lililonichoma zaidi ni la binti yangu. Yuko mwaka wa pili hapohapo chuoni, na mtihani wa somo letu ameshafeli mara moja. Akifeli tena anarudishwa nyumbani. Kila jioni namkalisha mezani. Mgonjwa anavuta mililita mia mbili na hamsini, mara ishirini na nne kwa dakika. Hewa kiasi gani inafika ndani kabisa ya mapafu? Anazidisha tu, elfu sita, kalamu chini. "Na ile mia na hamsini inayoishia njiani kila pumzi, umempa nani?" namfokea. "Toa kwanza! Kichwani mna nini?" Ananiitikia, "Ndiyo, mama," na kesho yake ni elfu sita ileile.

Juzi akaniaga anakwenda maktaba. Nami nikapita darasani kwa mdogo wangu, nikijidai natafuta dasta. Loo! Binti yangu huyo, kiti cha mbele, mpira mdomoni, machozi ya kicheko yanamtoka. Mimi hajanichekea hivyo tangu aanze chuo. Akautoa mpira, akainama, akaandika, akaruka. "Mama mdogo, nimepata!"

"Dada, karibu," mdogo wangu akaniita. "Njoo umwone mwanao." Alisema vizuri kabisa, hata pa kuanzia ugomvi sikupata.

Nikasogea. Binti aliponiona kicheko kikamkatika, akaufunika ukurasa kwa kiganja, haraka. Lakini nilikuwa nimeshaona: elfu mbili na mia nne, sahihi kabisa.

"Bado sijamaliza, mama," akasema.