Mzee Heche Aandikishwa Kwamba Aliogopa

Sheria inataka mtu aliyempiga mwizi risasi awe ameogopa. Wakurya wanataka mtu huyohuyo asiwe ameogopa kitu tangu siku alipotahiriwa. Katikati ya hao wawili aliketi Mzee Heche wa Mbalibali, kwenye kiti cha plastiki cha kituo cha polisi, amevaa koti alilofungia ndoa.

Umri wake sabini kasoro. Alilinda hoteli ya watalii kule Ikoma miaka ishirini, akastaafu na goti bovu, akanunua bunduki ya marisau yenye kibali. Mkewe, Nyangi, alifariki miaka mitatu iliyopita. Watoto wako Mwanza, wanapiga simu sikukuu. Kila asubuhi aliipangusa bunduki na kuisemesha, maana mbuzi wanajibu hovyo.

Jumanne saa nane mchana alikuwa amejilaza, kijana akavunja mlango akidhani nyumba haina mtu. Wakakutana mlangoni mwa chumba. Kijana akainua panga, Heche akamfyatulia mguuni. Sasa kijana yuko hospitali, analalamika chakula hakina chumvi.

Afande Eunice, binti wa miaka thelathini hivi, alimwamkia shikamoo kabla ya kufungua karatasi.

"Alikuwa umbali gani, mzee?"

"Hatua mbili."

"Panga liko juu?"

"Juu."

"Ukaogopa."

"Nani?"

Pembeni yake Filemoni alikohoa. Huyu na Heche walitahiriwa siku moja, mstari mmoja, kisu kimoja. Amekuja kumsindikiza, na kuhakikisha rika haliaibishwi.

"Mzee, sikiliza," Eunice alisema. "Risasi si ya kulinda kabati. Wala si ya kumwadhibu mtu kwa kuvunja mlango, na akikimbia humfuati nayo. Unaruhusiwa tu ukiona uhai wako unaondoka na hakuna njia nyingine. Sasa uliona hivyo?"

"Niliona mtoto wa juzi ananichezea kwangu."

"Nikiandika hivyo, unashtakiwa wewe."

"Andika," Filemoni akasema. "Hatujawahi kuogopa panga."

"Baba, wewe ulikuwepo?"

"Hapana."

"Basi kapunge upepo nje."

Filemoni akatoka, akakaa kwenye benchi chini ya dirisha. Heche alikunja kofia, akaikunjua.

"Binti, nisipoogopa nafungwa?"

"Ukweli wako ndio ninaoutaka. Nisikuwekee maneno mdomoni."

"Niliogopa," alisema, kwa sauti ya mtu anayetubu uzinzi. "Niliona ananikata nife palepale. Hata si kufa kwenyewe. Kwangu hapiti mtu. Niliona nitalala pale siku nne, tano, mpaka harufu ndiyo iite majirani. Mbuzi wamefungwa, hawana maji."

Eunice aliandika: *Nilihofia uhai wangu.* Mbuzi hakuwaandika. Kisha, kwa kuwa maelezo lazima yasomwe kabla ya kusainiwa, na kwa kuwa sikio la mzee ni zito, aliyasoma kwa sauti ya mhubiri, dirisha likiwa wazi.

Heche alitoka bila pingu. Bunduki ilibaki kituoni hadi uchunguzi uishe. Benchi lilikuwa tupu. Filemoni, mwenye miguu mizima, alikuwa ameshatangulia kijijini na habari.

Wiki iliyofuata barua ilikuja: hakuna mashtaka. Hakukuwa na wa kumsomea, akajisomea mwenyewe, mara mbili.

Jumamosi rika lake lilipita barabarani, likienda kunywa pombe kilabuni kwa Waisiko. Alikuwa ameketi mlangoni, miguu ameinyoosha. Zamani, Nyangi akiwa hai, walikuwa wakikata kona kumpitia.

"Heche, habari za kuogopa?" Filemoni aliita bila kusimama. Wenzake wakacheka hadi fimbo zikawadondoka.

"Nzuri," Heche akajibu.

Walipopotea kwenye kona, alibeba kigoda, akakisogeza hadi ukingoni mwa barabara, akakaa. Watarudi kwa njia hiyohiyo, na wakishalewa huwa wanamsemesha mtu zaidi.